Mgeni Mpe Jembe: Hoja kuhusu Tathmini ya Programu za Kufundisha Lugha ya Pili

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna programu za kufundisha lugha ya pili zinavyotathminiwa. Yanadai kwamba hukumu nyingi huligusa jina la programu na kuiacha programu yenyewe, kwa kuwa mtathmini hupima matokeo kabla ya kujua kilichotendeka darasani. Hoja hiyo inajengwa kwa kupitia miradi ya Marekani, India, Kanada na Brazili, pamoja na historia ya Kiingereza katika shule za Tanzania. Mwishoni yanaeleza mambo ambayo programu za Kiswahili kama lugha ya pili zinapaswa kujiandaa nayo kabla mtathmini hajabisha hodi.

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu Afrika Mashariki imeijua tathmini ya ufundishaji wa lugha ya pili kutoka upande wa anayepimwa. Lugha iliyofundishwa ilikuwa Kiingereza, fedha zilitoka nje, na aliyekuja kuangalia kama fedha hizo zimezaa matunda naye alitoka nje. Sasa zamu imebadilika. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Afrika Kusini nayo ilitangaza mwaka 2018 kwamba shule zake zingeweza kukifundisha kama somo la hiari kuanzia 2020. Katika nchi hizo wanafunzi walio wengi hukutana na Kiswahili kikiwa lugha ya pili, ya tatu au ya nne. Haitachukua miaka mingi kabla ya wizara, bunge au mfadhili kuuliza: je, programu hizi zinafaa?

Swali hilo ni la haki. Shida huanza pale linapojibiwa kwa haraka, kwa kuchukua alama za mtihani wa mwisho na kuzisoma kana kwamba ni hukumu. Kupima na kutathmini ni kazi mbili. Mtihani humpima mwanafunzi. Tathmini huchunguza thamani ya mpango mzima: malengo yake, walimu wake, vitabu vyake, muda wake, na mahali unapotekelezwa. Tangu Michael Scriven alipotenganisha, mwaka 1967, tathmini inayofanywa ili kuuboresha mpango ungali njiani na ile inayofanywa ili kuuhukumu baada ya kukamilika, wataalamu wamekuwa wakionya kwamba ya pili bila ya kwanza huwa ni kesi isiyo na shahidi. Hata hivyo serikali na wafadhili hulipia zaidi hiyo ya pili. Makala haya yanadai kwamba swali la kwanza la mtathmini liwe “nini kilitendeka?”, na swali la “nani kashinda?” lingoje zamu yake.

2. Mashindano ya mbinu na mshindi asiyeonekana

Miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani waliamini kwamba ugomvi wa mbinu ungeweza kumalizwa kwa jaribio moja kubwa. Upande mmoja ilikuwapo mbinu ya zamani ya sarufi na tafsiri. Upande wa pili, mbinu mpya ya kusikiliza na kusema, iliyotegemea mazoezi ya kurudiarudia miundo ya sentensi na kupigiwa debe pamoja na maabara za lugha. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, George Scherer na Michael Wertheimer waliyafuatilia makundi mawili ya wanafunzi wa Kijerumani kwa miaka miwili na kutoa ripoti yao mwaka 1964. Kundi la mbinu mpya lilifanya vizuri zaidi katika kusikiliza na kuzungumza. Kundi la mbinu ya zamani likafanya vizuri zaidi katika kusoma, kuandika na kutafsiri. Kwa lugha nyepesi, kila mmoja alijua alichofundishwa. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili, tofauti kati yao kwa jumla zilikuwa zimepungua.

Jaribio la Pennsylvania lilikuwa kubwa zaidi. Likiongozwa na Philip Smith, liliwahusisha wanafunzi wa Kifaransa na Kijerumani katika shule nyingi za sekondari, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1970. Waliotarajia mbinu mpya ing'are walivunjika moyo. Kwa jumla haikuonekana kuizidi mbinu ya zamani, na katika kusoma wanafunzi wa mbinu ya zamani ndio waliotangulia. Maabara za lugha, ambazo shule zilikuwa zimezigharimia pakubwa, hazikuonyesha faida iliyoweza kupimika.

Ghadhabu ilikuwa kubwa. Hata kabla ya ripoti hiyo ya 1970 kuchapishwa, toleo la Oktoba 1969 la jarida la Modern Language Journal lilibeba uhakiki kadhaa wa mradi huo. Wahakiki waliuliza iwapo mitihani ililingana na vitabu vilivyotumika madarasani, na iwapo walimu walioandikishwa kufuata mbinu fulani waliifuata kweli. Swali hilo la pili lina uzito kuliko yote. Mwalimu anaweza kuhudhuria semina, akapokea mwongozo, akatia saini fomu, kisha akaingia darasani na kufundisha kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Mwingine, aliyepangiwa kundi la “zamani”, anaweza kuwa mzungumzaji hodari anayewasemesha wanafunzi kila siku. Tukijumlisha alama za wanafunzi wa walimu hawa chini ya vichwa viwili vya habari, tutakuwa tumelinganisha vichwa vya habari. Jibu la “hakuna tofauti” linaweza kuwa na maana kwamba mbinu mbili zina nguvu sawa. Linaweza pia kuwa na maana kwamba mbinu mbili hazikuwapo.

3. Funzo la Bangalore

Kati ya 1979 na 1984, huko kusini mwa India, N. S. Prabhu na wenzake waliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa kazi badala ya orodha ya miundo ya sarufi. Mwanafunzi alipewa ramani, ratiba ya treni au fumbo la hesabu. Akili yake ilishughulika na kupata jawabu, na lugha iliaminiwa kuingia kupitia shughuli hiyo. Walioalikwa kuutathmini, Alan Beretta na Alan Davies, walichapisha matokeo yao mwaka 1985.

Ujuzi wa tathmini hii uko katika mitihani yake. Watathmini walitambua kwamba mtihani wa sarufi ungelipendelea kundi la kawaida, lililofundishwa kwa miundo ya sarufi, na mtihani wa kazi ungelipendelea kundi la mradi. Kwa hiyo waliandaa mtihani unaofuata mafunzo ya kila kundi, kisha wakaongeza mitihani isiyo ya upande wowote, kama vile imla na ufahamu. Ilivyotarajiwa, kila kundi lilitangulia katika mtihani wake. Katika mitihani isiyopendelea upande, kundi la mradi kwa jumla lilifanya vizuri zaidi, na watathmini wakasema matokeo yanaunga mkono mradi huo kwa kiasi, bila kupiga vigelegele.

Walikuwa na sababu ya kujizuia. Madarasa yalichukuliwa jinsi yalivyokuwa, hayakugawanywa kwa kura. Tena, baadhi ya madarasa ya mradi yalifundishwa na watu waliokuwa na mafunzo na hamasa kuliko mwalimu wa kawaida wa shule. Je, kilichoshinda ni mbinu, au ni mwalimu bora? Beretta alilirudia suala hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990. Aliwaomba walimu walioshiriki wasimulie walivyoutekeleza mradi, kisha akazipanga simulizi zao kwa ngazi: waliokuwa bado wanapapasa, waliouzoea, na walioweza kuuendeleza kwa ubunifu wao. Walimu wa kawaida wa shule ndio waliopapasa zaidi. Mradi uliosifiwa duniani kote ulikuwa, kwa baadhi ya walioubeba, nguo isiyowatosha.

Hapa ndipo tathmini ilipokomaa. Alama zilisema kwamba kuna kitu kilichofanya kazi. Simulizi za walimu ndizo zilizosema ni kitu gani, mikononi mwa nani, na kwa masharti gani. Waziri anayetaka kuueneza mradi wa namna hiyo katika shule elfu moja anahitaji zaidi habari ya pili kuliko ya kwanza.

4. Matokeo mema yasiyosafirika

Mfano wa Kanada unafundisha jambo jingine. Mwaka 1965, katika kitongoji cha St. Lambert karibu na Montreal, wazazi wanaozungumza Kiingereza walidai watoto wao wafundishwe masomo kwa Kifaransa tangu chekechea. Wallace Lambert na Richard Tucker waliwafuatilia watoto hao mwaka hadi mwaka, na mwaka 1972 wakachapisha kitabu kuhusu jaribio hilo. Waliwalinganisha na watoto wa Kiingereza waliosoma kwa Kiingereza, na pia na watoto wa Kifaransa waliosoma kwa Kifaransa. Walipima lugha zote mbili, hisabati, na mtazamo wa watoto kuhusu jamii ya lugha ya pili. Watoto walielewa na kusoma Kifaransa vizuri sana bila kupoteza Kiingereza chao, ingawa katika kuzungumza na kuandika hawakuwafikia wenye lugha. Pengo hilo, lililoonekana pia katika programu nyingine za Kanada, ndilo lililomfanya Merrill Swain atoe mwaka 1985 hoja kwamba kusikia lugha hakutoshi. Mwanafunzi lazima asukumwe kuitoa.

Ni tathmini ya kupigiwa mfano. Lakini matokeo yake yamesafirishwa bila mzigo wake. Afrika Mashariki mara nyingi husikika hoja kwamba mtoto akizamishwa katika Kiingereza mapema ataogelea, kwa kuwa Kanada waliogelea. Watoto wa St. Lambert walizama wakiwa na boya. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa lugha yenye nguvu barani mwao. Hapakuwa na hatari ya kuipoteza. Wazazi wao walichagua. Walimu wao walikimudu Kifaransa barabara. Ondoa masharti hayo matatu, na kinachobaki ni neno “kuzamisha” katika maana yake ya msingi. Lambert mwenyewe alitofautisha baadaye hali ambamo lugha ya pili huongezwa juu ya ya kwanza na hali ambamo ya pili huila ya kwanza. Ripoti ya tathmini isiyoeleza masharti ya mahali ni kama dawa isiyoandikwa kipimo.

5. Mgeni na mwenyeji

Tanzania inatupa mfano wa karibu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kichukue nafasi ya Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika sekondari, kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walitoa ripoti kuhusu ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake kama lugha ya elimu. Walipima usomaji kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, na matokeo yao yalitisha: kwa makadirio yao, ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia kuwa ndicho cha kuanzia masomo kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba walio wengi walimaliza sekondari kabla ya kufika mahali pa kuianzia.

Kipimo hicho hakijapata mpinzani wa maana. Ubishi uko kwenye hatua iliyofuata. Ushahidi uleule ungeweza kusomwa kuwa sababu ya kubadili lugha ya kufundishia, kama Tume ya Makweta ilivyopendekeza. Ripoti ilielekea upande wa kuimarisha Kiingereza, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukisaidia kwa fedha za Uingereza, uliopeleka shuleni vitabu vya ziada vya kusoma vilivyopangwa kwa ngazi. Vitabu ni neema, na hakuna mwalimu atakayevilalamikia. Swali la kitaaluma ni jingine: nani alichagua maswali ambayo tathmini ingeyajibu? Pale swali linapokuwa “tukiimarishe vipi Kiingereza?”, data haiwezi kujibu “tukiache?”, hata ikipiga kelele.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Charles Alderson aliwahi kuwachekea wataalamu wa kigeni wanaotua kwa ndege, wakaandika ripoti na kupaa. Akiwa na Mike Scott, alieleza mwaka 1992 njia tofauti iliyotumika Brazili, katika mradi wa kitaifa wa Kiingereza cha kusomea taaluma ulioratibiwa na Antonieta Celani kutoka São Paulo. Humo walimu wenyewe walishiriki kuamua kitakachochunguzwa, wakajadili matokeo katika semina zao, na ripoti ikawa mali yao. Mgeni alikuwapo, lakini alilima pamoja na wenyeji. Njia hiyo ilikula muda mwingi, na walimu wenye vipindi vingi waliuona mzigo wake. Faida yake ni kwamba aliyeshiriki kuuliza swali ana sababu ya kulisikiliza jibu.

Hili halina maana kwamba mwenyeji ana macho yasiyo na kasoro. Mwalimu anayejua kwamba kibarua chake kinategemea ripoti hataandika kwamba hakuelewa mwongozo. Mgeni huona kilichozoeleka hadi kikaacha kuonekana: kwamba saa nzima ya “mazungumzo” mwalimu alizungumza peke yake, kwa mfano. Kila jicho lina upofu wake, na ndiyo sababu ya kuyaoanisha.

6. Kipimo chenyewe kikipimwa

Mtathmini akishajua kilichotendeka darasani na nani anauliza, bado lazima akichunguze kipimo. Huko Zanzibar, katika mradi ulioongozwa na Pauline Rea-Dickins, watafiti waliwapa wanafunzi wa sekondari maswali ya mitihani kwa sura tofauti: kwa Kiingereza cha mtihani, kwa Kiingereza kilichorahisishwa, na kwa Kiswahili. Wanafunzi wengi walioonekana hawajui somo waliweza kulieleza walipoulizwa kwa lugha waliyoimudu. Mtihani ulioitwa wa sayansi ulikuwa, kwa sehemu, mtihani wa Kiingereza, na alama zake zingemponza mtathmini wa masomo yote mawili.

Kosa hilo lina pacha wake katika Kiswahili. Nchini Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na hadhi yake shuleni ilipanda kwa sababu hiyo. Lakini karatasi za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, za insha, lugha na fasihi zote ni za kuandika. Mwanafunzi anaweza kupata A bila mtu yeyote kumsikia akisema. Kisichotahiniwa hukosa kipindi katika ratiba. Mtathmini atakayesoma alama hizo kama kielelezo cha uwezo wa kuwasiliana atakuwa ameusikia wimbo kwa kuangalia noti.

7. Kiswahili katika zamu yake

Tuchukue mwanafunzi wa Kampala anayesema “kitabu yangu imepotea” na akaeleweka mara moja na dereva wa lori kutoka Mombasa. Programu yake imefaulu au imefeli? Kama lengo lilikuwa biashara ya mpakani, imefaulu. Kama lengo lilikuwa kumwandaa mfasiri wa bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi bado. Jibu limo katika lengo, na lengo la programu nyingi za Kiswahili limeandikwa kwa ujumla kiasi cha kushindwa kukanushwa: “kumwezesha mwanafunzi kukithamini na kukitumia Kiswahili.” Lengo lisiloweza kushindwa haliwezi kutathminiwa. Lazima liseme mwanafunzi atafanya nini kwa Kiswahili, na nani, mahali gani.

Pili, muda utajwe kwa ukweli. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria takriban wiki 36 za masomo ya kutwa ili mzungumzaji wa Kiingereza akimudu Kiswahili kwa kazi. Huyo ni mtu mzima anayelipwa mshahara kusoma, katika darasa dogo. Mtoto wa shule mwenye vipindi vichache kwa wiki, katika darasa lililofurika, hawezi kuahidiwa matunda yaleyale. Ni kweli kwamba mzungumzaji wa Kiganda au Kinyarwanda ana mtaji ambao Mmarekani hana, kwa kuwa ngeli si ngeni kwake. Mtaji huo nao uingizwe kwenye hesabu, vinginevyo tutaisifu programu kwa kazi iliyofanywa na lugha ya mama.

Tatu, mtazamo upimwe. Nchini Uganda Kiswahili kwa muda mrefu kimehusishwa na jeshi, na kumbukumbu za vipindi vya vurugu zimekifanya kionekane kwa baadhi ya watu kuwa lugha ya bunduki. Programu inayofundisha upatanisho wa kisarufi vizuri huku ikiwaachia wanafunzi chuki ileile itapata alama nzuri mwaka wa kwanza na madarasa matupu baadaye.

Nne, kumbukumbu za darasani zianze siku ya kwanza. Daftari la mwalimu linaloeleza alichokusudia na alichofanya, rekodi chache za vipindi, mahojiano na wanafunzi walioacha somo: hivi ni vitu vya gharama ndogo vikikusanywa njiani, na havipatikani kabisa vikitafutwa mwishoni. Mtathmini anayefika mwaka wa tano na kukuta alama peke yake hana budi kuhukumu jina.

8. Pingamizi

Atasema mwenye wizara: nina bajeti ya kupitisha Juni, sina nafasi ya simulizi za walimu. Pingamizi hili lina uzito. Serikali haziwezi kusubiri tathmini ya miaka saba, na ripoti inayosema “inategemea” kwa kurasa mia mbili ni kimbilio la mtafiti asiyetaka kuwajibika. Lakini Pennsylvania inaonyesha gharama ya njia ya mkato: jaribio kubwa lililofanywa kwa miaka kadhaa, likaishia kwenye ubishi, kwa sababu haikufahamika vya kutosha kilichokuwa kikilinganishwa. Kujua kilichotendeka huongeza gharama ya tathmini. Kutokujua huiharibu yote. Isitoshe, kazi hii haihitaji kila shule. Shule chache zikichunguzwa kwa kina zinaweza kufasiri alama za shule zote.

9. Hitimisho

Miradi iliyopitiwa hapa ilitofautiana kwa lugha, kwa fedha na kwa mbinu. Iliyotufundisha zaidi ni ile ambayo watathmini wake walirudi kuuliza walimu walifanya nini, au waliwafuata watoto mwaka hadi mwaka na kueleza walikuwa watoto wa nani. Iliyobaki ilitupa mshindi au mshindwa tusiyeweza kumtambua sura. Vyuo na wizara zinazofungua madarasa ya Kiswahili leo zina nafasi ambayo walimu wa Kiingereza wa 1984 hawakuipata: kuyaandika maswali wenyewe kabla mgeni hajafika. Akifika, akaribishwe. Siku mbili za kwanza aoneshwe takwimu. Siku ya tatu apelekwe darasani, akae dawati la nyuma, na jembe lake liwe tayari.